Maswali Wanayoulizwa Watoto Wetu: Nani Aliyeyatunga, na kwa Faida ya Nani?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka watoto wa Tanga, Pangani, Muheza, Mkinga na Korogwe huketi madarasani kujibu maswali ya historia, ya uraia na ya maarifa ya jamii. Matokeo yakitoka, sisi wazazi huuliza jambo moja tu: amepata ngapi? Tukiambiwa amefaulu, twamshukuru Mola na kumnunulia kanzu au viatu. Tukiambiwa ameanguka, twamgombeza. Ni nadra mno kumsikia baba au mama akimwambia mwanawe: hebu nisomee swali lenyewe nilisikie.

Hili ni kosa kubwa kuliko tunavyodhani. Mwenye kutunga swali huwa amekwisha kutoa nusu ya jibu. Amekwisha kuamua nini kinafaa kuulizwa, nani atajwe na nani asitajwe, na jambo lianzie wapi. Mtoto anapewa majibu manne achague moja kwa kulisiliba kwa penseli. Hapewi nafasi ya tano ya kuandika kwamba swali hili halikuulizwa sawasawa.

Hoja ya makala hii ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mengi katika maswali ya msingi kuhusu ukoloni, tabia na uraia bado yanatazama pwani yetu kwa jicho la aliyeitawala, ijapokuwa miongo sita imekwisha kupita tangu tarehe 9 Desemba 1961. Upande wa pili, ambao wengi hawataupenda, ni kwamba misikiti yetu haina jibu bora la kuweka mahali pake, kwa kuwa nasi tumeridhika na visa vya kujisifu. Tutausema upande wote wa kwanza, kisha tutausema wa pili bila ya kuupunguza.

NANI ALIYEGUNDUA?

Tuanze na swali ambalo takriban kila aliyesoma shule nchini analikumbuka: Mzungu gani alikuwa wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro? Jibu ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, mwezi Mei mwaka 1848. Jibu ni sahihi. Hatuna ugomvi na tarehe.

Ugomvi wetu ni na lile linaloachwa. Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, hakuijua njia, na aliongozwa na mtu wa misafara aitwaye Bwana Kheri. Yeye ndiye aliyejua visima viko wapi, kabila gani lidai hongo na lipi liruhusu kupita. Jina la mwongozaji huyu limo katika habari za safari hiyo, wala halikupotea. Lakini ni mtoto gani wa darasa la sita, hapa Chumbageni au kule Mabokweni, aliyewahi kuulizwa: ni nani aliyemwongoza Rebmann? Mtoto hufundishwa jina la aliyeonyeshwa, na jina la aliyeonyesha halimo katika majibu manne.

Atasema mtu: hayo ni mambo madogo, mlima ni mlima. Sivyo. Mtoto anayejibu swali hilo kwa miaka saba hajifunzi jiografia peke yake. Anajifunza kwamba kitu hakiwi kimejulikana mpaka ajulishwe Ulaya, na kwamba babu yake ni mpagazi katika hadithi ya mtu mwingine. Somo hilo la pili halimo katika muhtasari wa serikali, lakini ndilo linalokaa moyoni baada ya tarehe kusahauliwa.

VITA VYA NANI?

Swali la pili linatuhusu sisi wa Mrima zaidi kuliko watu wote. Ni habari ya vita vya mwaka 1888 na 1889, ambavyo watawala wa Kijerumani waliviita Uasi wa Waarabu. Jina hilo, au mfano wake, limeendelea kuishi vitabuni muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Hebu tuyapange mambo yalivyokuwa, kisha tulipime jina.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uendeshaji wa pwani yote, kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma, kwa muda wa miaka 50. Ilikuwa kampuni ya biashara, na sasa ilipewa kodi, forodha na mahakama. Watu wa Tanga na Pangani hawakuulizwa. Mwezi Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni wakashuka mijini kushika madaraka. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyundo. Akagombana na liwali juu ya bendera, akaita askari wa majini kutoka meli ya kivita, na ikatokea kwamba siku hizo ni siku za Idil Hajj. Wanahistoria wameandika jinsi msikiti ulivyoingiliwa kwa viatu na mbwa. Haikuchukua muda, mji ukafura.

Nani walioinuka? Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, kweli alikuwa Mwarabu. Lakini Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyepigana hadi mwaka 1890, aliongoza Wazigua, na hata Sultani wa Zanzibar hakuwa na amri juu yake. Waliojaa mitaani Pangani walikuwa Washirazi wa mji, Wazigua na Wabondei wa mashamba ya jirani, wapagazi wa bara, mafundi, wavuvi, na watumwa pia. Tena hasira yao haikuwa juu ya Mjerumani pekee. Walimkasirikia Sultani aliyewauza, na baadhi ya matajiri wa Kiarabu waliotaka suluhu ili biashara isiharibike. Sasa vita hivi viitwe uasi wa Waarabu kwa kipimo kipi?

Jina lilikuwa na kazi yake. Bismarck alihitaji fedha kutoka bunge la Ujerumani, na bunge lisingetoa mamilioni kuiokoa kampuni iliyoharibu mambo yake yenyewe. Ulaya wakati huo ilikuwa imetikiswa na mahubiri ya Kadinali Lavigerie dhidi ya biashara ya utumwa. Basi vita vikavishwa kanzu mpya: hivi ni vita vya Waarabu wauza watumwa, na sisi tunakwenda kukomboa. Januari 1889 bunge likapitisha marki milioni 2. Hermann Wissmann akaajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, akaja. Julai 1889 Pangani na Tanga zikachukuliwa kwa msaada wa mizinga ya meli. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Je, watumwa walikombolewa? Utawala wa Kijerumani ulikaa zaidi ya robo karne na haukuufuta utumwa. Uliruhusu mtumwa kujinunua, na ukatangaza kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulikuja kufutwa na sheria ya Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Yaani aliyesema amekuja na bunduki kukata minyororo aliondoka na kuiacha. Hili ndilo swali ambalo mtoto alistahiki kuulizwa: kama vita vilikuwa vya kukomesha utumwa, mbona utumwa ulibaki miaka 33 baada ya vita kwisha?

TUSIJIDANGANYE

Hapa ndipo tunapogeuza uso kuelekea kwetu, kwa kuwa Allah (S.W.) ametuamuru katika Suratun-Nisaa tusimame na uadilifu hata kama ushahidi utakuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakusema tusimame na uadilifu pale unapotunufaisha.

Zipo khutba na mihadhara katika pwani hii inayosimulia zama za kabla ya Mzungu kana kwamba zilikuwa bustani. Kila mtu alikuwa mcha Mungu, kila mji ulikuwa na chuo, na habari za utumwa ni uzushi wa wamisionari. Ndugu zangu, huo si ulinzi wa Uislamu. Huo ni uongo, na uongo haujawahi kuinusuru dini. Mashamba ya miwa ya Bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Mwaka 1873, mwaka uleule Sayyid Barghash alipofunga soko la watumwa Zanzibar, watumwa wa mashamba ya Pangani waliwakimbia mabwana zao na kujenga makazi yao wenyewe mahali paitwapo Kikogwe. Watu hao nao ni mababu wa watu wa Tanga. Wengi katika safu za swala zetu leo ni wajukuu wao. Anayeufuta utumwa katika hadithi ya pwani huwafuta na hao.

Tena yafaa kusema kwamba baada ya vita, maliwali na maakida wengi waliomtumikia Mjerumani walikuwa Waislamu wa pwani, waliojua kusoma na kuandika. Wao ndio waliokwenda bara kukusanya kodi na kusimamia kazi za shuruti. Mzaramo, Mngindo au Msambaa aliyechapwa viboko mara nyingi aliona mbele yake kanzu na kofia kabla hajaiona helmeti. Kama hatutalisema hili sisi, litasemwa na wengine, nao hawatatusemea kwa huruma.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba babu yake alikuwa mwuza watumwa tu, na msikitini kwamba babu yake alikuwa malaika tu, hana historia. Ana matusi mkono mmoja na sifa mkono mwingine. Siku atakapokutana na hoja ya kwanza yenye ushahidi, ataitupa moja na kuiamini nyingine bila ya kupima. Suratul-Hujurat imetuamuru kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikusema habari za maadui peke yake.

KWA NINI WATU HUTII?

Swali la tatu ni la tabia. Watoto hufundishwa kwamba wazee wetu walishindwa kwa sababu mbili: silaha duni na ukosefu wa umoja. Zote zina ukweli ndani yake. Lakini kushindwa vitani ni jambo la miezi, na kutawaliwa ni jambo la miaka 70. Kilichowatuliza watu miaka yote hiyo ni nini?

Wataalamu wa elimu ya tabia wamelichunguza jambo hili. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kupata chakula pamoja na mlio fulani hutokwa na mate kwa kuusikia mlio peke yake. Mmarekani B. F. Skinner akaendelea mbele: tendo linalofuatwa na tunzo hurudiwa. Mmarekani mwingine, Stanley Milgram, alianza mwaka 1961 majaribio ya kutisha zaidi. Watu wa kawaida waliamriwa na mtaalamu kumpiga mwenzao shoti ya umeme iliyozidi kupanda kila alipokosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, lakini wao hawakujua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea mpaka kiwango cha mwisho, kwa kuwa tu mtu mwenye cheo amesema endelea.

Sasa turejee Tanga. Utawala wa Kijerumani ulikuwa na kiboko, na amri ya mwaka 1896 ikaweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Watu wa pwani wakaupa utawala huo jina la hamsa ishirini. Aliyeshika kiboko hakuwa Mjerumani. Alikuwa askari mweusi, na mbele yake amelala mweusi mwenzake. Ulikuwapo upande wa tunzo pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifunguliwa shule ya serikali Tanga, iliyofundisha kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kijana aliyemaliza alipata ukarani, ualimu au uakida, mshahara na heshima. Kwa njia hiyo kiboko kilimfundisha asiyetii, na mshahara ukamfundisha anayetii, na baada ya muda mlio peke yake ulitosha.

Jambo hili wanazuoni wetu walikwisha kulisema karne nyingi kabla ya Pavlov. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima yake kwamba aliyeshindwa hupenda kumwiga aliyemshinda katika mavazi, desturi na hali zake zote, akidhani kwamba humo ndimo ulimo ushindi. Akaeleza pia kwamba ukali wa kupita kiasi humharibu mwanafunzi: humfunza uongo, hila na unyonge, kwa kuwa huonyesha kisicho moyoni mwake ili kuukwepa mkono wa mwalimu. Halafu akalipanua hilo kwa umma mzima uliolelewa chini ya mabavu.

Tunaomba walimu wetu wa madrasa walisome jambo hili mara mbili. Kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zimeweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Vyuoni kwetu kikomo kiko wapi? Tunalaani kiboko cha Mjerumani kwenye khutba ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mtoto anachapwa kwa kukosea herufi, akalia, akanyamaza, akajifunza kwamba elimu ni maumivu na usalama ni kukubali. Aliyelelewa hivyo akiwa mtu mzima hatamwuliza mwenyekiti wa mtaa hesabu za fedha, wala hatamwuliza imamu hesabu za msikiti. Mwalimu wa chuo hakukusudia hayo, lakini ndiyo aliyoyapanda.

RAIA MWEMA NI NANI?

Tumefika kwenye uraia. Mtoto huulizwa: taja wajibu wa raia mwema. Naye husema: kutii sheria, kulipa kodi, kulinda mali ya umma, kufanya kazi kwa bidii. Ni majibu mazuri, wala Mwislamu hana sababu ya kuyapinga. Lakini tazameni: majibu haya yote manne yangempendeza gavana wa Kijerumani.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na moja katika makusudio yake lilikuwa kumlazimisha mwenyeji atafute fedha kwa kufanya kazi ya mshahara. Mkonge ulikuwa umekwisha kuletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ilipandwa Kikogwe, mahali palepale ambapo miaka 20 kabla yake watumwa walikuwa wamejijengea uhuru wao. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo. Mashamba yalihitaji mikono. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ikatoa kipande: kila mwanamume afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiye na kipande kilichojazwa alitiwa kwenye kazi za serikali. Yule aliyefanya kazi kwa bidii, akatii na kulipa kodi, huyo alikuwa mwema machoni pa utawala. Tofauti ya mtawaliwa na raia, basi, haimo katika orodha ya wajibu. Imo katika jambo jingine ambalo mtoto haulizwi.

Neno lenyewe tuliangalie. Raia latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni wachungwao, kundi lililo chini ya mchunga. Mtawala yeyote angependa liishie hapo. Lakini Mtume (S.A.W.) katika hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim alituambia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga: kiongozi, baba, mama, hata mtumishi. Neno ni la shina lilelile. Katika mafundisho yetu, basi, hakuna mchungwa mtupu asiyekuwa na cha kuchunga, wala hakuna mchunga asiyeulizwa.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 nayo ina mfano wa hayo. Ibara ya 26 ina sehemu mbili. Ya kwanza yasema kila mtu ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria. Ya pili yampa kila mtu haki, kwa utaratibu wa sheria, ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba hiyo. Zimekaa pamoja katika ibara moja kwa makusudi. Waulizeni watoto wenu wangapi wanaijua ya kwanza, kisha waulizeni wangapi wamewahi kuisikia ya pili.

WATAKAOPINGA

Tunawajua watakaotupinga, nao ni makundi matatu.

La kwanza litasema: mtoto akihoji swali ataanguka mtihani. Hatukusema aliharibu karatasi. Ajibu Rebmann, apate alama yake, kisha nyumbani aambiwe habari ya Bwana Kheri. Mtoto anayejua sababu na matokeo ya vita vya Pangani hatafeli swali la tarehe. Atalikumbuka kuliko aliyekariri.

La pili litasema: haya ni kuchochea udini, kuwatenga Waislamu na wananchi wengine. Tunajibu kwamba yaliyoandikwa hapa hayamdai Mkristo wa Magila wala wa Lushoto chochote. Mbondei aliyesomeshwa na wamisionari alichukuliwa kazi za shuruti vilevile, naye babu yake hakuulizwa Aprili 1888. Historia iliyopimwa kwa ushahidi haimgombanishi jirani na jirani. Inayogombanisha ni ile ya Uasi wa Waarabu, kwa kuwa ilitungwa kwa kazi hiyo.

La tatu limo ndani ya misikiti yetu, na ndilo zito zaidi. Litasema: hizi ni elimu za kidunia, zitatusaidia nini kaburini? Tunawauliza hao: Sheikh Hemed bin Abdallah al-Buhriy alikuwa mwanachuoni au hakuwa? Ndiye aliyeviandika vita vya Wadachi katika Mrima kwa utenzi mrefu, kwa herufi za Kiarabu, akiwa mtu wa pwani hii hii na wa zama zile zile. Hakuona kwamba kuandika habari za umma kunapunguza elimu yake ya dini. Utenzi huo ulikuja kuhaririwa na kuchapwa na Mwingereza, J. W. T. Allen, aliyezunguka pwani akikusanya miswada, na mingi aliyoikusanya imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mgeni alijua thamani ya karatasi zetu. Sisi, barua za mababu, hati za mashamba na wakfu, na daftari za vyuo ziko chini ya vitanda na juu ya dari zinaliwa na mchwa, na kila mvua ya masika inachukua fungu lake. Vijana wetu wanaosoma Qur'ani kwa herufi zile zile hawawezi kusoma barua ya babu yao, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ni Kiswahili.

LA KUFANYA

Wakati ni huu. Mwaka 2024 shule zilianza kutekeleza mitaala mipya, na limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo jipya lina nafasi wazi ndani yake, na nafasi wazi hujazwa na aliyeleta kitu. Wa Tanga wakikaa kimya, zitajazwa na majibu ya zamani.

Basi tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, mzazi alisome swali. Kila mwezi mara moja, keti na daftari la mwanao la historia na uraia. Mwulize: nani ametajwa hapa, na nani alikuwepo na hakutajwa?

Pili, kila msikiti wa Ijumaa uteue vijana wawili wenye simu nzuri na mwandiko mzuri. Wapite kwa wazee, wapige picha karatasi za zamani kwa idhini ya wenyewe, waandike majina, mahali na mwaka. Karatasi ibaki kwa mwenyewe, nakala ihifadhiwe. Waandike pia yale ambayo mzee hayapendi, ikiwemo habari za watumwa wa ukoo wake.

Tatu, madrasa zifundishe Kiswahili cha herufi za Kiarabu walau saa moja kwa juma, na walimu wakubaliane kuweka chini kiboko. Mwalimu anayeogopa kwamba bila ya fimbo hatasikilizwa, ajue kwamba mpaka sasa hajasikilizwa, ameogopwa tu.

Nne, wazazi Waislamu waingie katika kamati za shule na kuhudhuria vikao. Anayelalamika barazani kwamba shule haimfundishi mwanawe habari za kwao, na kiti chake katika kikao kiko kitupu, hana hoja.

Ndugu Waislamu, Mjerumani alipoiteka Tanga mwaka 1889 alikuja na mizinga. Leo hakuna mzinga unaotuzuia kuuliza nani aliongoza njia, kwa nini watu walitii, na raia ana haki gani zaidi ya kulipa kodi. Kinachotuzuia ni mazoea. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya kundi lake, na hapo hapatakuwa na majibu manne ya kuchagua.

Wabillahi tawfiq.